Buni Mbili za Tunda Moja

Kwa mara ya kwanza tangu alipoanza kumpenda Mujuni, Kemilembe aliomba asije.

Aliomba tangu asubuhi, akiwa anatandaza nyasi mbichi sakafuni kama ilivyo desturi mgeni anapotarajiwa, na mikono yake ikawa inamkaribisha mtu ambaye moyo ulikuwa unamfukuza. Aliomba lori la Mhindi analosafiria Mujuni liharibikie njiani kabla ya kufika Muleba. Aliomba mvua ya mawe. Alipofika mahali pa kuomba Mujuni apatwe na homa, homa ndogo tu ya kumlaza kitandani, aliona aibu akaacha. Mtu hawezi kumwombea ugonjwa kijana anayetaka kumwoa, hata kama anamwogopa.

Ndani ya nyumba baba yake, mzee Rutashobya, alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na nguzo ya kati, akitazama mikono yake kana kwamba kuna mtu ameisahau pale mapajani. Alikuwa hivyo tangu mwaka uliopita. Kwanza alipotea ndani ya kibanja chake mwenyewe, akakutwa amesimama katikati ya migomba aliyoipanda ujanani, akiuliza kwa heshima ni ya nani. Kisha akaanza kumwita Kemilembe kwa jina la mama yake, Celina, ambaye alikuwa amekwisha kuzikwa. Mwisho hakumwita kwa jina lolote. Daktari wa misheni alisema ni uzee, akampa vidonge vya kutia nguvu, na hakuna nguvu iliyokuja.

Mujuni ndiye aliyeleta nguvu, tena bila kukusudia. Alikuwa seremala huko Bakoba, mjini Bukoba, kijana mrefu mwenye vumbi la mbao nyweleni hata siku za sikukuu. Alipokuja Ijumbi mara ya kwanza kujitambulisha kwa watu wa nyumba ile, alikuwa amebeba enanga ya marehemu baba yake, kwa kuwa alikuwa anapitia harusini. Nayo enanga ni ubao mrefu uliochongwa kama sinia, wenye uzi mmoja wa kano za ng'ombe unaokwenda na kurudi juu yake. Akiwa anangoja kuitwa ndani, Mujuni aliupapasa uzi ule ili kupoteza woga. Mzee Rutashobya, ambaye kwa siku nyingi alikuwa hatamki neno, akainua kichwa akauliza kama ndizi zimeiva, maana alikuwa na njaa.

Kemilembe alilia siku ile huku akipakua. Tangu hapo Mujuni akawa anakuja kila Jumamosi, na kila wimbo ulirudisha kitu. Mzee akajua kijiko. Akajua njia ya kwenda kisimani. Siku moja akaimba ubeti mzima kwa sauti nene ya ujana, akacheka, akamuuliza bintiye kwa nini anamtazama hivyo. Mambo haya yalikuwa hayadumu. Jua likizama naye alizama. Lakini Kemilembe alikuwa amejifunza kuishi kwa kungojea Jumamosi, na kama alikuwa anamngojea mpigaji kuliko wimbo, hilo msomaji atamsamehe.

Halafu ikaja Jumamosi iliyopita.

Mujuni alikuwa anapiga wimbo wa ng'ombe aliyepotea, uliotungwa na baba yake, Kagaruki. Mzee Rutashobya akamtazama usoni, macho yakametameta, akamwita Kagaruki. Alisema, "Kagaruki, ndugu yangu. Ile kahawa yetu, mimi na wewe..." Pale pale uzi ukakatika, wimbo ukakatika, na mzee naye akakatika. Alinyamaza akiwa ameacha mdomo wazi, na wiki nzima hakusema tena.

Waliokuwa chumbani wote walielewa, na kaka yake Kemilembe, Lameki, alielewa kuliko wote. Wanaume wawili Wahaya wakiitana ndugu, kisha wakataja kahawa, kuna jambo moja tu linalozungumzwa, nalo ni omukago. Marafiki wawili huchukua tunda la kahawa lenye buni mbili. Kila mmoja hujichanja kidogo tumboni, karibu na kitovu, akaipaka buni moja damu yake, na mwenzake akaimeza. Tangu siku hiyo wao ni ndugu kuliko waliozaliwa pamoja, na watoto wao ni ndugu. Hawaoani. Hata wakipendana mpaka wakonde, hawaoani.

Lameki alikuwa mwalimu wa Injili katika kanisa la Kilutheri, na kila Jumapili aliwahubiria watu kwamba mambo ya kale ni moshi. Lakini alipotamka neno omukago sauti yake ilishuka kama ya mtu anayepita karibu na kaburi. Mashahidi, kama walikuwapo, walikuwa wamekwisha kufukiwa. Kagaruki alihama Ijumbi, akaenda kuishi Kaagya, akafia huko Mujuni akiwa bado mtoto. Mama yake Mujuni alisema wanaume walikuwa na mambo yao nyuma ya nyumba na yeye hakuwa mtu wa kuchungulia. Aliyebaki kujua ni mzee mmoja tu, naye alikuwa hajui hata jina la bintiye. Lameki akaamua. Mujuni aje Jumamosi, apige wimbo ule ule mpaka mwisho, na mzee amalize neno lake mbele yake yeye Lameki. Likiwa ndilo, uchumba umekufa.

Kwa hiyo Kemilembe alikuwa anaomba mvua ya mawe, na jua lilikuwa linawaka kibanjani kote.

Hakuweza kungoja ndani. Alichukua mtungi ambao haukuwa mtupu, kama anayekwenda kisimani, akateremka nao hadi mahali njia inapopita kati ya mibuni, na hapo akamwona anapanda kilima, enanga begani imefungwa kwa shuka. Mujuni alipomwona akatabasamu, kisha tabasamu likamponyoka. Alikuwa amepungua. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyelala karibu na moshi, na Kemilembe alitaka kuyagusa, akakumbuka kwamba huenda ni macho ya ndugu yake, akarudisha mkono.

"Usiingie," alimwambia. "Waambie uzi haukupatikana."

"Nikisema hivyo leo, Jumamosi ijayo nitasema nini?"

"Utasema tena hivyo hivyo."

"Na mzee?"

Mujuni aliuliza kama mzee amekula wiki ile, naye Kemilembe akasema amekunywa uji kidogo. Alimuuliza kama ametamka lolote. Kemilembe akamwambia kwamba hapana. Jana tu mzee alimshika mkono akautazama sana, kisha akauachia polepole, kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake.

"Mujuni, akilimaliza lile neno utakuwa kaka yangu."

"Najua."

"Sitaweza kukuita kaka."

"Na mimi sitaweza kuitika." Alitua enanga chini taratibu, kwanza upande wake mwembamba. "Naogopa, Kemi. Huko Bakoba nimeharibu meza ya watu kwa sababu naona jina la baba yangu kila ninapopima ubao. Lakini mzee wako yuko mahali penye giza, na mimi ninayo taa. Nikiificha ili nioe, nitakuwa nimekuoa kwa ujanja. Siku moja utamtazama amelala kimya, halafu utanitazama mimi."

Kemilembe alimchukia kidogo kwa jibu lile, kwa sababu alikuwa amelijua tangu asubuhi. Alimpenda pia, na mapenzi yale yalimtisha kuliko chuki. Walisimama hivyo, kila mmoja akiuangalia uso wa mwenzake kwa pupa, kama watu wanaokula haraka kabla sahani haijaondolewa. Sauti ya Lameki ikaita kutoka uani. Mujuni akabeba ala yake, wakapanda, yeye mbele na Kemilembe nyuma, wala hawakugusana.

Ndani, Lameki alikuwa amekaa wima kwenye kiti cha wageni. Alimsalimu Mujuni vizuri, maana malezi ni malezi, akamsogezea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna anayopewa kila mgeni. Mujuni akachukua punje moja kwa adabu asiitafune, na kikapu kikabaki pale nyasini, karibu na miguu ya mzee. Hakuna aliyekifikiria. Kemilembe naye alikaa mlangoni mwa jikoni, akavuta kikapu cha ndizi ili mikono yake iwe na kazi, akamenya moja, akashindwa kuendelea, akakisukuma kisu mbali naye, kikateleza nyasini mpaka karibu na kigoda cha mzee. Hilo nalo hakulifikiria.

Mujuni akaanza.

Wimbo wa ng'ombe aliyepotea huanza chini sana, kama mtu anayezungumza na nafsi yake. Mwenye ng'ombe anatoka, anauliza kwa jirani, anauliza mtoni, anauliza kwa watu asiowajua. Mzee Rutashobya hakutikisika. Kemilembe alihesabu pumzi zake mwenyewe, na akagundua kwa hofu kwamba sehemu moja ya moyo wake ilikuwa inamwombea baba yake aendelee kusahau. Hakuwahi kujiona mtoto mbaya kiasi hicho. Alitaka kusimama akamwombe radhi, lakini kidole cha mzee kilianza kupiga goti, polepole, kwa mapigo ya wimbo.

Kisha mgongo ukanyooka, na macho yakaja kutoka mbali yakatua kwa Mujuni.

"Kagaruki," alisema. "Umechelewa leo."

Mujuni alimtazama Lameki, na Lameki akamwashiria aendelee. Basi akaitikia bila kuacha kupiga, akasema njia ilikuwa na matope. Mzee alicheka. Akamuuliza kama mguu umepona, akamlaumu kwa kunywa pombe ya lubisi ya harusini bila kumbakizia, na kila neno lilikuwa lina uhai na utani ndani yake, kiasi kwamba kwa kitambo Kemilembe alisahau kuogopa. Huyu ndiye baba yake. Huyu ndiye aliyembeba mabegani kwenda kuangalia kahawa ikianikwa. Alikuwa hapo, hatua chache tu, anacheka, na hakuna hata mmoja chumbani ambaye yeye alikuwa anamjua.

"Ile kahawa yetu," mzee akasema.

Lameki akainama mbele.

"Tumeiahirisha mno, Kagaruki. Watu wazima hawaahirishi hivi. Tuile leo."

Ilichukua muda neno lile kumwingia Kemilembe. Tuile leo. Basi hawakuila. Furaha ilimpanda mpaka kooni, akamtazama Mujuni, na Mujuni alikuwa anamtazama yeye, na kwa muda mfupi sana walikuwa watu wenye heri kuliko wote Kagera.

Mzee alikuwa amekwisha kuinama. Mkono wake ulipita kwenye kikapu cha wageni ukachagua tunda, ukalibana, ukalitupa, ukachagua jingine lililonenepa. Mkono wa pili ukaokota kisu cha ndizi. Mikono ile ile iliyokuwa haiwezi kushika kijiko ilishika kisu bila kutetemeka hata kidogo. Alipandisha kanzu, na kabla Lameki hajanyanyuka vizuri kutoka kitini, mstari mwembamba mwekundu ulikuwa umekwisha kuonekana karibu na kitovu. Alilipasua tunda kwa ukucha. Zikatoka buni mbili. Moja aliipaka damu, akainyoosha mbele ya uso wa Mujuni, juu ya kiganja.

"Meza," alisema kwa upole. "Halafu nipe yako."

Lameki alikuwa amesimama, uso umempauka, na Injili yote aliyoisoma haikumwonyesha pa kushika. Mujuni akiimeza ile buni atakuwa ndugu wa damu wa mzee Rutashobya, yaani baba mdogo wa Kemilembe, na mambo yatakuwa yameisha vibaya kuliko walivyoogopa. Na kama akikataa, atakuwa amemkataa mtu aliyekwisha kutoa damu yake, jambo ambalo hata maadui hawafanyiani. Wiki iliyopita uzi ulikatika tu, na mzee akawa bubu kwa siku zote zile. Akitukanwa na rafiki yake wa pekee, atarudi wapi?

Mujuni alikuwa na kinga moja tu. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya enanga. Aliendelea kupiga, jasho likimchuruzika, na wimbo ulipofika pale ng'ombe anapoonekana, ambapo watu wote wanajua kwamba umebakia mwisho tu, aliurudisha nyuma kwenye mto akaanza kutafuta upya. Kiganja cha mzee kilibaki hewani.

"Maliza, Kagaruki. Mkono unaniuma."

Ngozi ya kidole cha Mujuni ilikuwa imechanika. Kemilembe aliona doa jekundu kwenye uzi na akaelewa kwamba hata damu ya pili ilikuwa tayari. Alisimama bila kujua atafanya nini. Alivuka nyasi, akapiga magoti mbele ya baba yake, na mzee akamgeukia, akaukunja uso kidogo, kama mume anayekatizwa maongezi.

"Celina," alisema, "ngoja kwanza."

Zamani, kabla baba yake hajaacha kumwita kwa jina lolote, kila alipoitwa Celina, Kemilembe alimsahihisha. Mimi ni Kemi, Tata. Mimi ni mwanao. Kila mara alimwona anahangaika na kuaibika, na bado alimsahihisha, kwa sababu jina lile lilimwuma kama kutupwa. Sasa alitafuta ndani yake sauti ya mama yake, sauti ya chini isiyo na haraka, na akashangaa jinsi ilivyokuwa karibu.

"Rutashobya," alisema. Hakuwahi kumwita baba yake kwa jina. "Mbona siku zile hamkuila?"

Mzee alimtazama. Kisha mashavu yakaanza kucheka kabla ya mdomo.

"Unaniuliza mimi? Si wewe uliyekataa? Ulikaa pale mlangoni na ungo wa kahawa mapajani, tumbo hilo, hatuna pa kupita. Mimi na Kagaruki tumesimama nje na kisu chetu kama wezi."

Nyuma yake Kemilembe alisikia Lameki akitoa pumzi kwa sauti.

"Nilisema nini?" aliuliza.

"Ulisema tupendane kwa mdomo inatosha. Ulisema mke wa Kagaruki ana mtoto wa kiume mgongoni, na wewe huenda umebeba msichana. Ukasema, mkila kahawa mtamfungia mwanangu mlango wa nyumba njema kuliko zote ninazozijua." Akatikisa kichwa. "Mwanamke ana maneno. Lakini hayo yalikuwa zamani, Celina. Leo turuhusu."

Alikuwa anamwomba. Macho yale, ambayo yalikuwa yamepita juu yake mwaka mzima kama juu ya ukuta, yalikuwa yanamtazama kwa mapenzi makubwa kiasi kwamba Kemilembe alitamani kumruhusu yote anayoyataka. Lakini alikuwa ameelewa kwamba mama yake alikaa mlangoni kwa ajili yake kabla hajazaliwa, na kwamba sasa mlango ule ulikuwa umeachiwa yeye.

"Bado nakataa," alisema.

Wimbo uliendelea kumtafuta ng'ombe. Mzee Rutashobya aliitazama buni, akamtazama rafiki yake, akamtazama mkewe. Kisha akacheka mpaka kifua kikamtikisika.

"Umemsikia, Kagaruki? Hata leo." Akachukua mkono wa Kemilembe, akaziweka buni zote mbili kiganjani mwake, akamfumba vidole kimoja kimoja. "Haya. Zitunze wewe, mkaidi."

Ndipo Mujuni akamwachia ng'ombe arudi nyumbani, na wimbo ukaisha.

Lameki alikuja na kitambaa safi, akapiga magoti kumfunga baba yake jeraha, ambalo lilikuwa dogo kuliko woga wao. Alisema bila kumtazama mtu kwamba alikuwa mtoto mdogo siku ile, na kwamba anaukumbuka ule ungo. Alikuwa analilia kahawa za kuchezea, mama akamnyima, akakataa kuinuka pale mlangoni, na maisha yake yote hakuwahi kujua kwa nini. Alifunga fundo, halafu akamwambia Mujuni kwamba siku nyingine asije peke yake, aje na wazee wake wa kumsemea maneno ya uchumba.

Mujuni aliinamisha kichwa. Alijaribu kukunja vidole vyake vilivyochanika, vikakataa. Kemilembe alimtazama, na safari hii hakuna kilichomzuia kumtazama, lakini alikuwa hawezi kusimama. Mkono wake ulikuwa bado uko ndani ya mkono wa baba yake, na alikuwa anausikia mkono ule unalegea. Taa ilikuwa inaondoka. Aliona kicheko kikifutika kwanza mashavuni, kisha machoni, na akajua kwamba akiachia sasa, Celina ataondoka pamoja naye mpaka Jumamosi nyingine, au moja kwa moja.

Mzee alimtazama kwa heshima, kama unavyomtazama binti wa jirani aliyekuletea maji.

"Na wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Celina, Tata."

Alilifikiria jibu hilo kwa muda mrefu. Nje kuku walikuwa wanapekua kahawa iliyoanikwa na hakuna aliyekwenda kuwafukuza.

"Kumbe alizaa msichana," alisema polepole. "Vizuri. Mwambieni Kagaruki."

Aliyejibu ni Mujuni, kutoka upande wa pili wa nguzo, kwa sauti ya chini yenye heshima.

"Ameshaambiwa, waitu."